Sindano za akupancha na mgonjwa wa kansa: zinasaidia wapi, haziwezi wapi

Kuna sauti zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, moja inasema sindano za Kichina zinamaliza kansa na kemo ni sumu tu, nyingine inasema hizo sindano ni utapeli mtupu na ukimpeleka mgonjwa huko umempeleka kufa. Watu wanazifowadi zote mbili, wakati mwingine mtu yule yule, na katikati kuna mgonjwa amelala amechoka kiasi kwamba hata kujigeuza ni kazi, na ndugu zake hawajui wamsikilize nani. Mi nimewahi kukaa hapo katikati. Nilimuuguza shangazi yangu alipokuwa kwenye kemo ya kansa ya titi na hili suala la sindano lilitugawa nyumbani mpaka watu wakanuniana, kwa hiyo nimelisoma sana na nataka nilieleze polepole, kwa sababu ukweli wake hauko kwenye sauti yoyote kati ya hizo mbili.

Tuanze na maneno kwanza. Akupancha ni tiba yenye asili ya China, umri wake ni zaidi ya miaka 2,000, ambapo sindano nyembamba zinachomwa sehemu maalum za mwili na kuachwa hapo dakika ishirini mpaka nusu saa hivi. Sindano yenyewe haina dawa na haina tundu, ni kama uzi wa chuma, unene wake mara nyingi robo milimita, wakati sindano ya kawaida ya kutolea damu ni nene karibu mara tatu ya hapo. Kuna ya umeme pia, yaani sindano zikishachomwa zinaunganishwa na kimashine kinachopitisha umeme mdogo sana, mgonjwa anasikia kama mdundo tu. Halafu kuna akupresha, hii ni ndugu yake, sehemu ni zile zile ila badala ya sindano unabonyeza kwa kidole.

Kemo wengi tunaijua, dawa kali za kuua seli za kansa, na kwa kuwa zinalenga seli zinazozaliana kwa kasi basi zinagonga na seli nzuri zenye tabia hiyo, za nywele, za mdomo na utumbo, za kutengeneza damu. Ndio maana mtu ananyonyoka, anatoka vidonda mdomoni, damu inapungua. Hayo ndo yanaitwa madhara ya tiba, na hapo ndipo akupancha inapoingia kwenye mazungumzo.

Neno linaloleta mkanganyiko kuliko yote ni uchovu. Mtu akisikia mgonjwa wa kansa amechoka anadhani ni kama yeye alivyochoka jana baada ya kazi, anamwambia lala utaamka vizuri. Sio hivyo. Uchovu wa kansa hauondoki kwa kulala. Chukua simu yenye betri iliyokufa, unaichaji usiku kucha, asubuhi inakuonyesha imejaa, unapiga simu moja tu imezima. Shangazi kuna siku alilala kama masaa kumi, nikamkuta asubuhi amekaa ukingoni mwa kitanda anaziangalia ndala zake chini, kimya, nikamuuliza shangazi vipi, akasema, "Mwanangu, ngoja nipumzike kidogo kwanza ndo nizivae." Kuvaa ndala. Tangu siku ile sijawahi tena kumwambia mgonjwa wa kansa ajikaze.

Sasa swali kubwa, je akupancha inatibu kansa? Hapana. Hakuna ushahidi kwamba sindano hizi zinapunguza uvimbe wa kansa hata kidogo, na wataalamu wa akupancha wanaofanya kazi ndani ya hospitali za kansa hawasemi hivyo. Kazi yake, pale inapofanya kazi, ni kumsaidia mgonjwa abebe matibabu. Unaijua ngata, ile unayoweka kichwani kabla ya kujitwisha ndoo? Ngata haipunguzi uzito wa ndoo hata gramu moja, na haikupeleki nyumbani, lakini bila hiyo wengine wangeitua ndoo njiani. Mgonjwa akishindwa kula, akitapika kila siku, akakata tamaa na kuacha kemo katikati, hiyo ni ndoo imetuliwa njiani. Kwa hiyo kupunguza madhara sio jambo dogo, ila ngata sio maji.

Na hili la kuacha hospitali kabisa sitaki kulipita haraka. Mwaka 2018 jarida la taasisi ya taifa ya kansa ya Marekani lilitoa utafiti wa wagonjwa 281 wenye kansa za titi, tezi dume, mapafu na utumbo mpana, kansa ambazo zilikuwa hazijasambaa, yaani bado kulikuwa na nafasi nzuri, na hawa walichagua tiba mbadala peke yake badala ya upasuaji, kemo au mionzi. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya wenzao waliotibiwa hospitali. Kwa hiyo tofauti ni kati ya kutumia kitu pamoja na tiba na kutumia badala ya tiba. Maneno mawili tu, lakini ndani yake kuna maisha ya watu.

Haya, inasaidia nini basi? Ushahidi haufanani kwa kila tatizo na hapo ndo watu wengi wanachanganya, wanachukua jibu la kitu kimoja wanalibandika kwenye kingine.

Kichefuchefu na kutapika ndiko kuna historia ndefu. Tayari miaka ya 1980 madaktari wa Belfast walikuwa wanajaribu sehemu moja ya mkononi inayoitwa P6, Wachina wanaiita Neiguan, kuzuia kutapika. Mwaka 1997 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani likasema matokeo kwa kichefuchefu cha baada ya upasuaji na cha kemo yanatia moyo. Halafu mwaka 2000 ukatoka utafiti kwenye JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani, wanawake 104 wa kansa ya titi waliokuwa wanapewa kemo ya dozi kubwa, wote wakipata dawa za kuzuia kutapika. Waliopata dawa peke yake walitapika kama mara 15 kwa siku tano, walioongezewa akupancha ya umeme mara 5 tu, na wale waliochomwa juu juu sehemu nyingine wakabaki katikati, mara 10. Ni tofauti kubwa hiyo. Lakini kuna mambo mawili ya kusema kwa haki, kwanza faida haikuendelea sana baada ya sindano kusimamishwa, pili dawa za kuzuia kutapika walizotumia ni za zamani, siku hizi kuna ondansetron na nyingine zenye nguvu zaidi, kwa hiyo leo akupancha ni nyongeza na sio mbadala wa hivyo vidonge. Mgonjwa asiache vidonge vyake eti kwa sababu atachomwa sindano.

Umeona hapo waliochomwa juu juu walibaki katikati? Tusimame hapo kidogo, maana ndo ufunguo wa ubishi wote wa akupancha. Ukitaka kujua kama dawa inafanya kazi unawapa wengine dawa ya kweli na wengine kidonge bandia kinachofanana, hawajui nani kapata nini. Kwa sindano utafanyaje? Watafiti wakabuni sindano bandia, butu, ukiibonyeza inaingia ndani ya mpini wake badala ya kuingia kwenye ngozi, kama kile kisu cha wacheza maigizo. Mgonjwa anasikia kitu kimegusa, anaiona imesimama, anaamini amechomwa. Njia nyingine ni kuchoma kweli ila juu juu na sehemu zisizo rasmi. Shida ni kwamba hata hiyo bandia inagusa ngozi, mtu amelala mahali patulivu nusu saa, kuna mtu anamsikiliza na kumjali, na mwili unaitika kwa hayo yote. Kwa hiyo mara nyingi sindano za kweli na bandia zote zinamwacha mgonjwa na nafuu kuliko asiyepata kitu, na tofauti kati ya hizo mbili inakuwa ndogo au haipo.

Hiki ndicho kilichotokea kwenye uchovu. Mwaka 2012 Uingereza walichukua wagonjwa 302 wa kansa ya titi wenye uchovu, wengi wakachomwa mara moja kwa wiki kwa wiki sita, dakika ishirini, chini ya goti, juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, na kati ya kidole gumba na cha shahada. Waliochomwa walipata nafuu ya wazi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watu wakafurahi sana. Ila utafiti ule haukuwa na kundi la sindano bandia. Mwaka uliofuata hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ikatoa wa kwake, wagonjwa 101 waliobaki na uchovu baada ya kumaliza kemo, safari hii bandia ikiwepo, na makundi yote mawili yakapata nafuu karibu sawa. Kwa hiyo mtu akikuuliza akupancha inapunguza uchovu wa kansa jibu la ukweli ni kwamba wengi wanaochomwa wanajisikia nafuu, lakini haijathibitika kwamba nafuu hiyo inatokana na sindano kuingia pale hasa ilipoingia. Kuna watakaosema nafuu ni nafuu. Nawaelewa, na kwa mgonjwa aliyechoka siwezi kubishana naye, ila anayemuuzia huduma hiyo hana ruhusa ya kumuahidi zaidi ya hapo.

Kilichonishangaza zaidi ni akupresha. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Michigan kilitoa utafiti wa wanawake 288 waliomaliza tiba ya kansa ya titi wakabaki na uchovu, wakafundishwa kujibonyeza wenyewe nyumbani kila siku kwa wiki sita. Karibu theluthi mbili ya waliojibonyeza uchovu wao ulishuka ukafika kiwango cha kawaida, wakati waliobaki na huduma ya kawaida ni kama theluthi moja. Na kundi lililofundishwa sehemu za kutuliza mwili lilipata na usingizi mzuri. Hawa walikuwa wameshamaliza tiba, tusiwachanganye na aliye katikati ya kemo, lakini kidole chako ni bure na hakichomi.

Maumivu ya viungo ni habari nyingine. Wanawake wengi wa kansa ya titi baada ya tiba wanapewa vidonge vya kuzuia homoni vya kumeza kwa miaka, na baadhi ya hivyo vinaleta maumivu ya magoti na vidole mpaka wengine wanaviacha, na kuviacha ni hatari. Mwaka 2018 JAMA ilitoa utafiti wa wanawake 226 kwenye vituo 11 Marekani, kwenye kipimo cha maumivu cha 0 mpaka 10 waliochomwa kweli walishuka kama pointi 2, wa bandia na waliosubiri tu kama pointi 1. Tofauti sio kubwa lakini ipo, na mwaka 2022 chama cha madaktari wa kansa cha Marekani, ASCO, pamoja na wenzao wa tiba shirikishi, yaani tiba za nyongeza zinazotumika pamoja na za hospitali, wakaiingiza akupancha kwenye mwongozo wao kwa maumivu hayo. Ganzi ya mikono na miguu inayotokana na kemo bado ina tafiti ndogo ndogo, zinatia moyo, sio zaidi. Mdomo kukauka baada ya mionzi ya kichwa na shingo ndo kuna kisa cha kufikirisha, wagonjwa 399 wa Houston, Marekani, na Shanghai, China, utafiti mmoja, utaratibu mmoja, Shanghai sindano za kweli zikaizidi bandia, Houston bandia nayo ikafanya kazi. Mpaka leo watu wanajadili kwa nini.

Inafanyaje kazi? Maelezo ya jadi ni kwamba kuna nguvu inaitwa chi inapita kwenye njia za mwilini na sindano inafungua palipoziba. Njia hizo hazijaonekana ukipasua mwili, kwa hiyo zichukue kama ramani ya zamani, inaweza kukufikisha hata kama mchoraji hakujua barabara zimejengwaje. Kinachopimika ni mishipa ya fahamu. Sindano ikiingia kwenye nyama mishipa inapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, mwili unatoa kemikali zake za kutuliza maumivu, na kwenye panya watafiti wameona kemikali inaitwa adenosini ikiongezeka pale pale palipochomwa.

Sasa upande wa hatari, na hapa naomba usome taratibu. Kwa mtu mzima wa afya, akupancha kwa mtaalamu aliyesomea ni salama, michubuko midogo tu. Mgonjwa wa kemo sio mtu wa kawaida. Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, zile askari, mara nyingi zinakuwa chini kabisa siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya dripu, na tundu dogo ambalo kwako si kitu, kwake ni mlango wa bakteria. Inashusha pia chembe sahani zinazogandisha damu, akichomwa anaweza kuvujia ndani. Kama alitolewa tezi za kwapani mkono wa upande ule usichomwe, unaweza kuvimba au kupata maambukizi. Hakuna kuchoma kwenye uvimbe wa kansa, kwenye kidonda, wala kwenye ngozi iliyoungua na mionzi. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiunganishwe na umeme. Na sindano za kifuani na mabegani zikizamishwa na asiyejua zinaweza kutoboa pafu, ni nadra ila imeshatokea.

Shangazi alipokubaliwa na daktari wake tukaenda kwa mtaalamu, mama mmoja mtulivu, kitu cha kwanza aliomba karatasi ya majibu ya damu. Akaisoma, akaivua miwani, akasema, "Leo sitakuchoma dada yangu, chembe zako ziko chini, rudini wiki ijayo na kipimo kipya." Tukarudi nyumbani tumekasirika, safari ya bure, ila leo naona yule mama ndiye alinifundisha namna ya kumtambua mtaalamu. Anayekuchoma bila kuuliza damu yako ikoje, ondoka. Anayekuambia acha kemo, ondoka haraka zaidi. Wiki iliyofuata alifungua pakiti mpya mbele yetu, sindano za kutumia mara moja tu kisha zinatupwa kwenye boksi gumu, akapaka spirit, akachoma mguuni na mkono wa upande usio na opereshen. Shangazi alikunja uso mara moja tu, akasema anasikia uzito, kama kitu kinavuta ndani, na huo uzito ndo wenyewe wanautafuta. Dakika kumi baadaye alikuwa anakoroma.

Je ilimsaidia? Kichefuchefu kilipungua, yeye mwenyewe alisema. Uchovu nao ulilegea kidogo lakini siwezi kuapa kwamba ni sindano, maana wiki zile zile daktari aligundua damu imepungua akamtibu, na tukaanza kutembea naye jioni kutoka mlangoni mpaka geti na kurudi. Na hilo ndo la kufanya kabla ya kuwaza sindano, mwambie daktari kuhusu uchovu, maana unaweza kuwa na sababu inayotibika, upungufu wa damu, tezi ya shingo, maumivu, kukosa usingizi, huzuni nzito, maambukizi. Uchanganuzi wa majaribio 113 yenye wagonjwa zaidi ya 11,000, uliotoka mwaka 2017, ulionyesha mazoezi na msaada wa kisaikolojia vinashinda dawa kwenye kupunguza uchovu wa kansa. Najua kumwambia mtu aliyechoka afanye mazoezi inasikika kama ukatili, ila ni hatua chache, kila siku, kwa kiwango daktari alichokubali.

Kingine, baadhi ya wanaochoma sindano wanatoa na mitishamba. Sindano haigombani na dawa za kemo kwenye damu kwa sababu haina kitu ndani, mitishamba inaweza kugombana, kuna inayofanya ini litoe dawa haraka kabla haijafanya kazi na kuna inayoongeza kuvuja damu. Usimeze kabla hujamwonyesha daktari pakiti.

Na kama sindano huzitaki au damu hairuhusu, hiyo P6 unaweza kuibonyeza mwenyewe kwa kichefuchefu. Geuza kiganja kikutazame, weka vidole vitatu vya mkono wa pili, cha shahada, cha kati na cha pete, vikilala kukatiza mkono, cha pete kikigusa mstari wa kifundo pale kiganja kinapoanzia. Pale kidole cha shahada kinapoishia upande wa kiwiko, weka gumba, utasikia kano mbili zimekaa kama kamba, sehemu yenyewe iko katikati yake. Bonyeza kwa nguvu ya kiasi, ukizungusha kidole taratibu bila kukinyanyua, dakika mbili mpaka tatu, pasiume. Halafu hamia mkono wa pili, isipokuwa kama ndio ule uliotolewa tezi au umevimba, huo uache.